Sura ya 9: Upinde na Mshale

Okota jiwe dogo, ulirushe kwa nguvu zako zote. Litakwenda mbali kiasi, kisha litaanguka. Sasa fikiri juu ya mshale. Mkono uleule uliorusha jiwe ndio unaovuta upinde, lakini mshale huondoka kwa kasi kubwa zaidi. Je, kasi hiyo imetoka wapi? Upinde hauli chakula, wala hautumii petroli. Katika sura hii utajifunza jibu la swali hilo. Utajifunza pia kwa nini upinde uliovutwa ni kitu cha hatari hata kabla mshale haujaondoka.

A. Pinde za Ujiji na za mahali pengine

Mwezi wa Februari 1858 wasafiri wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, baada ya safari ndefu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Katika kitabu alichoandika baadaye, Burton alieleza silaha alizoziona kwa wenyeji. Walikuwa na shoka ndogo, mikuki, na pinde kubwa zilizopiga mishale mizito kuliko kawaida.

Yakumbuke maneno haya mawili: upinde mkubwa na mshale mzito. Wenyeji hawakusoma vitabu vya sayansi, lakini walijua kwa mazoea kwamba vitu hivyo viwili vinafaana. Mwishoni mwa sura hii utaweza kueleza sababu yake.

Upinde haukutumika Ujiji peke yake. Wahadzabe, ambao huishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, hutengeneza pinde na mishale yao hata leo. Huko Uingereza, meli ya kivita iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545. Ilipoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, pinde nyingi ndefu za mti zilikuwa zimehifadhika ndani yake. Watu wa nchi mbalimbali, bila kuonana, waligundua matumizi ya kanuni ileile.

B. Sehemu za upinde na mshale

Upinde una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni mti uliopindwa. Ya pili ni kamba iliyofungwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Kamba hiyo huitwa upote. Upote hutengenezwa kwa kano za wanyama, kwa ngozi iliyosokotwa, au kwa nyuzi za mimea kama katani. Upote mzuri hauvutiki kama mpira. Kazi ya kunyumbuka ni ya mti, si ya upote.

Mshale una sehemu nne. Fimbo yake nyembamba huitwa wano. Mbele pana chembe, ambacho huwa cha chuma, au ncha ya mti iliyochongwa. Nyuma kuna manyoya ya ndege. Mwisho kabisa pana pengo dogo la kushikia upote.

Kwa nini manyoya huwekwa nyuma? Umewaona wavuvi wa Kigoma wakiondoka jioni na mitumbwi yao. Mtu anayeelekeza mtumbwi hukaa nyuma na kasia lake. Mtumbwi ukigeuka upande, maji husukuma kasia, na mtumbwi hurudi katika njia yake. Manyoya hufanya kazi kama hiyo katika hewa. Mshale ukianza kwenda upande, hewa husukuma manyoya, na mshale hunyooka tena.

C. Vitu vinavyonyumbuka

Jaribio la 1

Vifaa: ufito mwembamba wa mwanzi, kipande cha waya laini wa shaba, kipande cha udongo wa mfinyanzi uliofinyangwa kama kijiti, na kijiti kikavu kilichooza.

Njia: Shika kila kitu kwa ncha zake mbili. Kipinde kidogo, kisha kiachie ncha moja. Andika katika daftari lako kilichotokea.

Matokeo: Udongo na waya hubaki vimepinda. Kijiti kilichooza huvunjika. Mwanzi hurudi katika umbo lake la kwanza.

Kitu kinachorudi katika umbo lake baada ya kupindwa au kuvutwa tunasema kwamba kinanyumbuka. Mpira wa manati hunyumbuka. Ufito wa kuvulia samaki hunyumbuka pia: samaki akivuta, ufito hupinda, akiachia, ufito hunyooka. Upinde hauwezi kutengenezwa kwa kitu kisichonyumbuka.

D. Nishati inayongoja

Unapovuta upote, unatumia kani, na mkono wako unasogea. Kani inaposogeza kitu, kazi hufanyika. Ili kufanya kazi hiyo, misuli yako hutumia nishati iliyotoka katika chakula: ugali, maharagwe na dagaa ulivyokula. Sehemu ya nishati hiyo huingia katika mti wa upinde na kukaa humo, ikingoja. Nishati inayongoja namna hii huitwa nishati tuli.

Unapoachia upote, mti hunyooka ghafla. Upote husukuma mshale, na nishati tuli hugeuka kuwa nishati ya kitu kinachokwenda. Hiyo huitwa nishati mwendo.

Sasa tunaweza kujibu swali la mwanzo. Upinde haukuongeza nishati yoyote. Nishati yote ya mshale ilitoka mkononi mwako. Tofauti iko katika wakati. Unavuta upinde polepole, kwa muda wa sekunde moja au zaidi. Upinde hurudisha nishati hiyo kwa muda mfupi sana, usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Ni kama mtu anayejaza ndoo kwa kata, kata moja baada ya nyingine, kisha anaimwaga ndoo nzima kwa mara moja.

Katika hifadhi ya Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, Jane Goodall alianza kuchunguza maisha ya sokwe mwaka 1960. Aliona kwamba sokwe huchukua kijiti, hukipukutisha majani, na kukiingiza katika kichuguu ili kutoa mchwa. Kijiti hicho ni chombo cha kazi. Lakini kijiti cha sokwe husogea tu wakati mkono unaposogea. Mkono ukitulia, nacho hutulia. Upinde ni chombo cha namna nyingine. Huweka nishati ya mkono, na kuitoa baadaye kwa kasi kuliko mkono wenyewe.

Jaribio la 2

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako, wala usilifanye peke yako.

Vifaa: ufito wa mwanzi wenye urefu wa sentimeta 60, uzi wa katani, tete kavu lililonyooka lenye urefu wa sentimeta 40, kitambaa, rula na kamba ya kupimia.

Njia:
1. Kata pengo dogo katika kila ncha ya ufito. Funga uzi ili ufito upinde kidogo.
2. Kata pengo dogo katika ncha moja ya tete. Katika ncha ya pili zungusha kitambaa mpaka kifikie ukubwa wa limau, ukifunge imara. Usitumie ncha iliyochongwa, wala msumari, wala waya.
3. Pachika tete katika uzi bila kuvuta. Tia alama katika tete mahali linapogusa ufito. Kutoka alama hiyo, ukielekea kwenye kitambaa, tia alama nyingine kila baada ya sentimeta 5.
4. Nendeni kiwanjani. Chagueni upande usio na watu, njia wala nyumba. Msielekee ufukoni mahali akina mama wanapoanika dagaa. Wanafunzi wote wasimame nyuma ya mpigaji.
5. Shika tete likiwa sawa na ardhi, usawa wa bega. Vuta sentimeta 5, kisha achia. Pima umbali. Rudia mara tatu, utafute wastani.
6. Fanya vivyo hivyo kwa kuvuta sentimeta 10, halafu sentimeta 15. Ukisikia ufito unalia kama unaotaka kuvunjika, acha.

Andika vipimo vyako katika jedwali lenye safu tano: umbali wa kuvuta, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na wastani.

Matokeo: Kadiri unavyovuta zaidi, ndivyo mshale unavyokwenda mbali zaidi.

Maelezo: Ukivuta sentimeta 10 badala ya sentimeta 5, mkono wako umesogea mara mbili. Lakini utahisi pia kwamba upinde unakuwa mgumu kadiri unavyovutwa. Kani unayoitumia mwishoni nayo ni karibu mara mbili. Mara mbili ya mara mbili ni mara nne. Kwa hiyo nishati inayongoja katika upinde si mara mbili, bali ni karibu mara nne. Jambo hili ni la kuzingatiwa. Upinde uliovutwa kidogo unaweza kuonekana kama mchezo, lakini hatari yake hukua upesi kuliko mkono unavyosogea.

E. Mti wa upinde

Si kila mti unafaa. Upinde unapovutwa, upande unaomwelekea mpigaji hubanwa. Upande wa nje, unaoelekea shabaha, hutanuliwa. Upande wa nje tuuite mgongo, na wa ndani tuuite tumbo. Mti mzuri ni ule ambao mgongo wake hautatuki ukitanuliwa, na tumbo lake halikunjamani likibanwa.

Nyuzinyuzi za mti hukimbia kutoka ncha moja hadi nyingine. Fundi huchagua kijiti kilichonyooka, kisicho na vifundo, na huchunga asizikate nyuzinyuzi za mgongo. Zikikatwa, hapo ndipo upinde utakapoanza kuvunjika. Kisha huacha mti ukauke polepole kivulini, kwa sababu mti uliokaushwa juani kwa haraka hupasuka. Mwisho huuchonga uwe mnene katikati na mwembamba kuelekea ncha zote mbili, ili upinde sawasawa kila upande.

Kazi ikiisha, fundi hufungua upote. Mti ukiachwa umepindwa siku nyingi huzoea kupinda. Haurudi tena vizuri, na nishati unayoweza kuweka hupungua.

F. Aina mbili za pinde

Upinde wa kwanza ni upinde mrefu ulionyooka. Ukifungua upote wake, mti hunyooka, au hukaribia kunyooka. Pinde za Wahadzabe na zile za meli ya Mary Rose ni za aina hii. Urefu wake una faida. Mti mrefu hugawanya mpindo mahali pengi, kwa hiyo hauvunjiki kwa urahisi.

Upinde wa pili ni upinde wa ncha zilizopinduka. Ukifungua upote wake, ncha zake huelekea mbele, upande wa shabaha. Ukifunga upote, ncha hizo hulazimishwa kurudi nyuma. Kwa hiyo upinde huu huwa mgumu tangu mwanzo wa kuvutwa, nao huweka nishati nyingi hata ukiwa mfupi. Katika nchi za Asia watu waliopanda farasi waliupenda, maana upinde mrefu humsumbua mtu aliye juu ya farasi. Waliutengeneza kwa kuunganisha mti, pembe na kano kwa gundi. Pembe iliwekwa tumboni, kwa kuwa hustahimili kubanwa. Kano ziliwekwa mgongoni, kwa kuwa hustahimili kutanuliwa.

Siku hizi upinde wa ncha zilizopinduka ndio unaotumika katika Michezo ya Olimpiki. Mchezo huu ulirudishwa katika Olimpiki mwaka 1972 mjini Munich, Ujerumani, na wanaume na wanawake hushiriki. Wapigaji husimama meta 70 kutoka kwenye shabaha. Shabaha ina upana wa sentimeta 122, na duara la katikati, lenye alama kumi, lina upana wa sentimeta 12.2 tu.

Anayeanza kujifunza hufaa apewe upinde mwepesi ulionyooka. Upinde mgumu humfanya atetemeke, na anayetetemeka hajifunzi kulenga. Nguvu ni jambo la baadaye.

G. Mshale mzito, mshale mwepesi, na upinde usio na mshale

Upote unapoachiwa, nishati iliyokuwa ikingoja haiendi yote katika mshale. Mti wa upinde na upote navyo vinakwenda, na vyote hugawana nishati hiyo. Sehemu inayobaki katika upinde ndiyo inayoufanya utetemeke na kutoa sauti.

Mshale mzito huondoka kwa kasi ndogo kidogo, lakini huchukua sehemu kubwa zaidi ya nishati. Mshale mwepesi huondoka kwa kasi zaidi, lakini huiacha sehemu kubwa ya nishati nyuma, ndani ya upinde. Upinde mkubwa una nishati nyingi. Ukiwekewa mshale mwepesi mno, hutetemeka kwa nguvu na huweza kuharibika. Sasa unaona kwa nini watu wa Ujiji wa mwaka 1858 waliweka mishale mizito katika pinde zao kubwa. Mshale mzito ulichukua nishati nyingi zaidi hadi ulikokwenda, nao uliuhifadhi upinde.

Je, ukivuta upinde usio na mshale kisha ukaachia, nishati itakwenda wapi? Nishati haipotei. Haina mshale wa kuuchukua, kwa hiyo hubaki yote katika mti na upote. Mti huweza kupasuka, na upote huweza kukatika na kukupiga usoni. Kwa sababu hiyo, mpigaji mwenye hekima haachii kamwe upote mtupu. Akiwa amevuta na kubadili nia, huurudisha polepole kwa mkono, kama alivyouvuta.

H. Kusimama, kuvuta na kuachia

1. Simama ubavu wako ukielekea shabaha. Tanua miguu kiasi cha upana wa mabega.
2. Kama unatumia mkono wa kulia, shika upinde kwa mkono wa kushoto. Unyooshe mkono huo, lakini usiukaze mno.
3. Pachika mshale. Shika upote kwa vidole vitatu: kimoja juu ya mshale na viwili chini yake.
4. Vuta mpaka mkono ufike kidevuni. Fika mahali palepale kila mara. Ukibadili mahali, umebadili nishati, na mshale utaanguka mahali pengine.
5. Tuliza pumzi, lenga, kisha legeza vidole. Usiurushe mkono.

Utaona kwamba mshale hauendi katika mstari ulionyooka. Dunia huuvuta chini njia nzima. Shabaha ikiwa mbali, mpigaji huelekeza mshale juu kidogo kuliko mahali anapotaka kupiga.

I. Hadhari

Upinde uliovutwa una nishati tayari. Vidole vikiteleza, mshale hauulizi kama ulikuwa unatania. Jicho likitobolewa halioti tena. Kwa hiyo:

1. Usimwelekezee mtu wala mnyama upinde, hata kama hauna mshale.
2. Usipige mshale juu moja kwa moja. Utakaporudi hutajua utaangukia wapi.
3. Usiende kuokota mshale mpaka wote wamemaliza kupiga na wameweka pinde chini.
4. Kagua mti na upote kabla ya kuvuta. Ukiona ufa, usiutumie upinde huo.
5. Ukiona mshale wa zamani kwa wazee, usiguse chembe chake. Mishale mingine ya wawindaji ilipakwa sumu. Mwombe mzee akuoneshe mwenyewe.
6. Usiwinde. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori. Gombe ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1968, na Mahale tangu mwaka 1985. Shabaha yako iwe gunia lililojazwa majani makavu.

Mambo ya kukumbuka

Kitu kinachorudi katika umbo lake baada ya kupindwa kinanyumbuka.
Upinde hauumbi nishati. Huweka nishati ya mkono na kuitoa kwa haraka.
Nishati tuli ya upinde hugeuka kuwa nishati mwendo ya mshale.
Ukivuta mara mbili, nishati huwa karibu mara nne.
Nishati isiyochukuliwa na mshale hubaki katika upinde.

Maneno mapya

Upote: kamba ya upinde.
Wano: fimbo ya mshale.
Chembe: ncha ya mbele ya mshale.
Kano: nyuzi ngumu zinazounganisha nyama na mifupa.
Shabaha: kitu kinacholengwa.

Maswali

1. Taja vitu vitatu vya nyumbani kwenu vinavyonyumbuka.
2. Nishati ya mshale unaoruka ilitoka wapi hapo mwanzo? Eleza hatua kwa hatua, kuanzia chakula.
3. Kwa nini upote haufai kutengenezwa kwa mpira?
4. Chora upinde uliovutwa. Onesha mgongo na tumbo. Ni upande upi unaobanwa, na upi unaotanuliwa?
5. Kuna tofauti gani kati ya kijiti cha sokwe wa Gombe na upinde?
6. Juma amevuta upinde wake sentimeta 6. Asha amevuta upinde uleule sentimeta 12. Upinde ulikuwa na nishati karibu mara ngapi zaidi mikononi mwa Asha?
7. Rafiki yako anavuta upinde usio na mshale na anataka kuuachia ili asikie mlio wake. Utamwambia nini? Mweleze sababu kwa kutumia neno "nishati".
8. Kazi ya nje: Muulize mzee wa kijijini au mtaani kwenu kama aliwahi kuona upinde ukitengenezwa. Ulikuwa wa mti gani? Upote ulikuwa wa nini? Andika majibu yake, uyasome mbele ya darasa.